Daftari la Seva, Nyakato

Kila aingiaye huacha jina, mlango, saa.
Kila atokaye huacha saa tu.
Kiwanda cha minofu kimelala, majokofu yanaunguruma.
Naiuliza seva: nani yumo?

Masalu.
Kaingia saa nane usiku na dakika kumi na nne,
kutoka Igogo.

Lakini Masalu yuko hapa, anakoroma kitini,
buti zake zina magamba ya sangara.

Namfuata mgeni. Hagusi mizani, hagusi bei.
Afungua hati moja: mshahara wa Machi.
Dakika sita kimya,
kama mtu anayejumlisha kwa vidole.
Katoka.

Neno la siri aliniambia mwenyewe: jina la bintiye.
Nani mwingine humwita mtoto yule kutwa?

Asubuhi meneja atauliza nani alikuwamo.
Masalu, nitasema.
Ndivyo daftari lisemavyo.