Tiketi ya Mechi ya Saba

Kazi yangu ni kinoo. Usiku nanoa
vyuma vya viatu vya vijana wa Kuusiniemi,
na vyuma havinifichi kitu: najua nani anaegemea kushoto,
nani ameanza kuliogopa goti lake.

Mechi ya kwanza tulifungwa saba bila, tena kwetu,
meya akitazama.
Watu walitoka kimya kukwangua theluji ya Machi kwenye vioo vya magari.
Mimi nilicheka.
Kwani saba hizo ni ngapi? Ni moja.
Mabao hayapandi basi.
Keshokutwa, Vaskilahti, kilomita mia na themanini,
ubao unaanza na sifuri mbili,
safi kama sahani zilizooshwa.

Anayetaka kupita na ashinde mara nne.
Si kwa huruma, si kwa jumla ya mabao.
Nne, hata kama kila moja ni kwa unene wa wembe.
Leo kwetu, keshokutwa kwao, na basi ni lile lile
lenye harufu ya soksi na kahawa.
Bandu bandu huisha gogo, ndiyo,
lakini hapa gogo nalo limeshika shoka.

Ya pili tukaipata, muda wa nyongeza, saa nne usiku.
Ya tatu yetu. Ya nne yao. Ya tano yao,
na hapo tulishajuana kupita kiasi.
Jalmari anajua kwamba Tauno, kipa wao,
hupepesa jicho kabla ya kuruka kulia.
Tauno anajua kwamba Jalmari anajua.
Sasa je, anapepesa, au anatupepesea?
Mechi moja ni wageni kugongana mlangoni.
Hii ni ndoa.

Kwenye droo yangu kuna tiketi
ya siku ambayo huenda isiwepo:
Mechi ya Saba, ikihitajika.
Isipohitajika nitarudishiwa pesa.
Siku yenyewe atanirudishia nani?

Na Jumamosi hiyo hiyo, isipohitajika,
ukumbi ni wa maonyesho ya paka.
Bi Pirkko-Liisa, mwenye paka kumi na mmoja,
hupita karakanani kila asubuhi kuuliza hesabu.
"Tatu kwa mbili? Basi malizeni, au mmalizwe."
Hana ubaya. Ameshalipia mazulia.

Ya sita tukashinda.
Hakunisalimu.

Ya saba sitaisimulia yote.
Dakika ya sabini na mbili
kisahani kiligonga mwamba, kikasita,
kikaingia.
Kwetu.

Wiki mbili za kubamizana kwenye mbao,
meno mawili ya Jalmari yamo ndani ya kikombe changu cha skrubu,
halafu wakapanga mistari miwili,
wakavua glavu, wakapeana mikono mmoja mmoja.
Tauno alimvuta Jalmari shingo, akamnong'oneza.
Nilimuuliza baadaye, akiwa amekaa na kiatu kimoja mguuni.
"Amesema lile jicho si hila.
Linapepesa lenyewe tu, tangu utotoni."

Jumapili paka walikuja.
Barafu ilikuwa bado ipo, chini ya mbao, chini ya mazulia,
na paka mmoja mweupe, utepe wa ushindi shingoni,
akawa anakwangua, anakwangua,
anainua kucha, anazitazama,
anakwangua tena.