Mashimo Yaliyokwisha Kuzibwa

Mchwa hapigi hodi.
Kwanza ulikuwa mkwaruzo mmoja, ubavu wa kushoto,
chokaa ya ukuta wa ghala imeganda kwenye bati la Landrova
kama sukari mdomoni mwa mtoto anayekana.
"Ukuta ule wameusogeza," Baba akasema.
Nikacheka. Naye akacheka.
Ukuta wa pili haukutuchekesha.

Chande hupiga simu kutoka Mtwara mjini:
"Dada, mnyang'anye funguo, basi."
Kwa mbali hivyo maneno hayana uzito, ni vocha tu.
Namnyang'anyaje funguo mtu
aliyenikimbiza hospitali ya Newala usiku wa mvua,
mimi na uchungu wangu nyuma, juu ya magunia,
naye ananiuliza bei ya salfa, bei ya salfa,
ili nisipate nafasi ya kupiga kelele?
Mtoto yule leo ana ndevu.

Msimu huu nikapanda naye, kutoka Kitangari,
gunia sita za korosho nyuma yetu.
Nilikusudia kuhesabu makosa. Hata kalamu nilikuwa nayo.
Akasema bismillahi, akaweka gia, tukatoka.
Tulipoupita msikiti akakata kulia, ghafla,
barabara tupu.
Kisha kushoto, kwa ustadi,
kama apitaye katikati ya mayai.
"Baba, unakwepa nini?"
"Mashimo. Huyaoni?"

Lami ilikuwa imenyooka, nyeusi, haina hata kovu.
Mashimo yale yalizibwa mwaka juzi.

Hapo nikaelewa kuwa macho yameshateremka garini.
Kilichobaki kwenye usukani ni kumbukumbu,
na kumbukumbu haimjui kijana wa bodaboda
aliyechomoka kichochoroni na madumu yake ya maji,
akaishia mtaroni, mzima, anatutukana ukoo mzima.
Baba hakumwona. Alisikia sauti tu,
akampungia mkono:
alidhani anasalimiwa.

Kalamu yangu haikuandika kitu.

Lakini kuna hili la taa.
Tangu mwaka jana haendeshi usiku.
"Taa zimekufa," husema. "Fundi Nampota anangoja balbu."
Usiku ule, alipolala,
nikazitungua funguo kwenye msumari chini ya kalenda,
nikaketi kwenye kiti kilichokwisha kushika umbo lake,
kinanuka salfa na kahawa.
Nikavuta swichi.

Zikawaka. Zote mbili.
Zikamulika ukuta wa jiko, chungu, paka,
mkorosho wa bibi jani kwa jani.
Nikazizima upesi,
kama aliyefungua mlango wa bafu lenye mtu.

Kumbe alijua.
Alijua kabla ya Chande, kabla ya kalamu yangu,
akaanza kujinyang'anya mwenyewe, usiku kwanza,
kidogo kidogo, kama mtu anayepunguza sukari kwenye chai
na hataki mkewe aseme neno.

Asubuhi nilimkuta anafuta kioo kwa gazeti.
Nilikuwa na hotuba. Chande aliniandikia, ina vipengele.
Nikasema: "Baba, naona na breki nazo zimeanza kufa."

Akanitazama.
Kuku na vifaranga vyake wakapita kati yetu, hawana haraka.
"Breki," akasema.
"Breki, Baba."

Akalikunja gazeti, mara mbili, mara nne.
Akauzunguka mkonga wa gari hadi upande wa kushoto,
ule wenye chokaa, akaupapasa kidogo,
akafungua mlango, akaketi.

"Basi twende polepole," akasema.
"Na ukiupita msikiti, angalia, pana mashimo."

Nikayakwepa.
Moja moja. Hata lile dogo,
ambalo ilibidi anionyeshe kwa kidole.