Usiku Niliomsamehe Sindano

Mume wangu huchimba makaa ya mawe Carbonia.
Mimi huchimba chuma
tumboni mwa mtoto wa miaka minane.
Yeye zamu yake huisha kwa king'ora na sabuni.
Yangu huanza saa tatu usiku:
pamba, spiriti, sindano nyembamba kama mwiba wa mpungate,
kisha pampu, kijisanduku kinachonguruma chini ya mto,
ambacho Vitalia amekibatiza Bibi Mkoromo.

Usiku kucha Bibi Mkoromo husukuma dawa,
dawa huvuta chuma,
na asubuhi mkojo hutoka mwekundu kama chai ya rangi.
Nami huinamia beseni kama sonara:
leo kimetoka. Leo kimetoka kidogo.

Maana damu ya watu inayompa uhai
huja na chuma chake, na chuma hakina mlango wa kutokea.
Kila wiki ya tatu tunashuka Cagliari kwa basi la alfajiri,
yeye mweupe kama unga, kichwa pajani mwangu.
Jioni tunarudi, hanyamazi,
anataka kujua kama kondoo huota ndoto.

Daktari alituchorea miduara miwili.
Nusu kwa mama, nusu kwa baba.
Wageni mia mbili walikula harusini kwetu,
tuliwahesabu sahani kwa sahani,
na yule aliyekuja bila kualikwa,
amejibanza damuni mwetu sote wawili,
hakuna aliyemwona.
Mama mkwe bado anatafuta alitokea ukoo gani.
Anatafuta upande wangu tu.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.
Sawa. Lakini aliyeutunga msemo huo
hakusema mzazi auweke wapi
mikono yote miwili ikiwa imeshika vitu.

Mimi hukanda. Unga, maji, chumvi,
nalibamiza donge mezani hadi majirani wanadhani nimeachika.
Siku nyingine hupiga pasi vitambaa visivyohitaji pasi.
Kusali, nilisali; sasa nasali kama mtu
aliyeshikilia simu inayoita tu upande wa pili.

Basi usiku ule wa Februari Vitalia aliushika mkono wangu.
Hakulia. Angelia, ningemchoma.
Alisema, "Mama, leo tu. Leo nilale kama watu."

Nikairudisha sindano kwenye bahasha yake.
Alilala chali, mikono wazi, kama mtoto wa jirani,
nami nikaketi ngazini na mkate mkavu,
nikiisikiliza nyumba isiyokoroma,
nikila, nikila,
kama mwizi aliyeingia kwake mwenyewe.

Sikumwambia mume. Sikumwambia padri.

Siku ya damu tulikaa kama kawaida,
akina mama sita chini ya mifuko sita,
tone, na tone,
haba na haba, na kibaba chenyewe hakipiti siku ishirini.
Sijui ulimi uliteleza vipi.
"Juzi sikumchoma," nikaiambia sakafu.

Kimya. Matone tu.
Kisha Raimonda, bila kuinua macho kwenye sweta anayofuma:
"Mimi, mara tatu."
Desolina akahesabu kwa vidole, akakata tamaa ya vidole.
"Si afadhali ninyi," akasema Annetta.
"Mimi ile pampu niliitumbukiza kisimani,
nikamwambia daktari imeibwa."

Tukacheka. Tulicheka vibaya, tumeshika mbavu,
Annetta machozi yakimwingia mdomoni,
mpaka nesi akaja na kidole chake midomoni,
na watoto wakatutazama kutoka vitandani
kama wazazi waliochoshwa na watoto wakorofi.

Usiku huo mashavu yake yalikuwa na rangi ya kukopa.
Saa tatu. Pamba, spiriti.
"Upande gani?"
"Kushoto. Kulia bado kunauma."
Akaipandisha fulana mwenyewe, akaugeuzia ukuta uso.
"Hesabu mpaka tatu," akasema,
"lakini choma kwenye mbili."