Maji Niliyoyavalia Nguo

Tórshavn, alfajiri, nyuzi joto nne.
Mvua haianguki: yaja ubavuni,
kama mdai aliyechoka kubisha hodi.

Kitandani nimetandaza.
Fulana ya mbio za Klaksvík, maandishi mekundu;
naipenda, ila pamba hupamba tu,
ikilowa hung'ang'ania kifua kama homa.
Naikunja.

Sufu, basi. Ya kondoo wetu wenyewe,
inawasha shingoni, inanuka zizi,
lakini hata ikiwa chepechepe haikusahau.

Koti? Kilomita thelathini ndani ya nailoni
ni kujipika kwa mvuke wako mwenyewe.
Nalivaa. Nalivua.
Nalivaa.

Marjun anagonga kioo,
glavu zake zinachuruzika tayari.
Mchagua jembe si mkulima, yasema ile ngumi.

Nalifunga koti kiunoni, nafungua mlango.
Baridi inanikaba koo. Vizuri:
anayetoka na joto lake mlangoni
hulijutia kilimani.

Soksi ya kushoto imetoboka kidoleni.
Nimeiona sasa, ngazini.

Maji ukiyavulia nguo, sharti uyaoge.
Haya mimi nimeyavalia,
na kuyaoga
nitayaoga vilevile.