Kijivu na Kijivu

Novemba, Bodø. Mchana mfupi kama wa kuazima.
Solrunn amepaka viraka viwili ukutani,
chini ya kila kimoja utepe wenye namba:
mia saba na kumi. Mia saba kumi na mbili.

"Hiki kina ubuluu kwa mbali," asema,
"hiki kimeonja maziwa."
Torgeir, kikombe mkononi, akodoa macho:
"Majivu tu. Yote yametoka jiko moja."

Saa sita mwanga ukachungulia;
cha kulia kikawa ngozi ya samaki
aliyetoka majini sasa hivi,
cha kushoto, soksi iliyofuliwa mno.
Saa tisa taa ikawashwa,
vyote vikawa uji.

Usiku joto la hita likabandua tepe.
Asubuhi zimelala sakafuni, zimeshikana,
na ukuta hausemi.

Solrunn akasimama mpaka chai ikapoa.

"Mia saba na kumi ni hicho cha kulia,"
akasema Torgeir, akifunga kamba za viatu.
"Siku tatu unakisimamia hicho.
Kingine ulikuwa unakipita tu."

Nje theluji ikaanza,
nayo haikuwa nyeupe.