Pingili

Barabara ya kumi na nne, Ngamiani,
juu ya duka la rangi za nyumba,
ngazi za mbao hulia kabla ya mgonjwa.
Nilipanda mkono mmoja ukutani,
mwingine kiunoni, kama mtu aliyesahau kitu.
Miaka kumi na tisa nimeinamia cherehani.
Mgongo ulikwisha jifunza umbo la kiti.

Bwana Singano, ulinilaza kifudifudi
kwenye kitanda chenye tundu la uso.
Nikaona sakafu, na ndala zako za bluu,
na sarafu ya mia iliyokwama kati ya mbao.
Ukasema, vuta pumzi. Itoe.
Kisha: kwa!
kama muwa uvunjwapo gotini.

Haki yako sikunyimi.
Niliteremka ngazi zile bila kushika ukuta.
Usiku ule nikalala chali
kwa mara ya kwanza tangu matanga ya mama.
Nikakusifu kwa Mwanakombo, kwa muuza mihogo,
nikakusifu hata kwa wasiouliza.

Lakini ukutani kwako ilining'inia picha
ya uti wa mgongo wenye rangi za peremende,
kila pingili na kamba yake:
hii ya mapafu, hii ya figo,
na hii, ukagonga kwa kalamu, ya kinga ya mwili.
"Hii ikipinda, maradhi huingia bila hodi.
Ikinyooka, mafua yakikuona yatabadili njia."
Elfu ishirini kwa mara moja;
mara kumi na mbili, kwa laki mbili tu.
Nikalipa. Nani hukataa punguzo?

Baada ya mara ya tano
mgongo ulikuwa umenyooka kama rula yangu ya mbao.
Mafua yakaja na mvua za vuli,
yakanikuta nimenyooka, yakaingia wima.
Nikapiga chafya juu ya shela la bi harusi.
Ulisema huo ni uchafu unatoka.
Nilicheka. Ungesema nini tena?

Mara ya sita sikucheka.
Nilikuja na mjukuu, Shamte, miezi tisa,
kadi yake ya kliniki ikichungulia mkobani.
Uliichomoa, ukaipindua kwa kidole kimoja.
"Surua? Niachie mimi. Shingo hii
nikiigusa mara tatu, mwili utajilinda wenyewe.
Sindano ya nini?"
Na gumba lako lilikuwa pana kuliko shavu lake.

Sindano ya nini.
Bwana Singano, jina lako kwetu Bondei ndilo sindano,
babu yako alipewa kwa lipi, sijui.
Mimi sindano naijua.
Ncha ya kidole changu cha shahada
imekufa ganzi kwa kuijua.
Najua kitambaa hakifumbi tundu
kwa kuvutwa mpaka kinyooke.
Kunyoosha ni kazi ya pasi.
Kuziba ni kazi ya uzi.
Fundi anayechanganya hizi mbili
humrudishia mteja suruali nadhifu, iliyotoboka.

Hayo sikuyasema. Ulimi ulikuwa mzito,
nilikuwa na deni la usingizi wako.
Nilichukua kadi. Nikamfunga Shamte kwa kanga
mgongoni, mgongo huohuo ulioutengeneza wewe,
nao ukambeba hadi kliniki ya Makorora
pasipo hata kuguna.

Tulikaa benchi la nje, nyuma ya pacha wawili
waliolia kwa zamu.
Shamte alipochomwa alinitazama mimi, si nesi,
kama kwamba mkono wangu ndio ulioshika bomba.
Kisha akalia kwa haki yake yote.
Nesi akaandika tarehe, akauliza mbona natabasamu.
Nikamwambia: mgongo leo hauumi.

Zimebaki sita, nimezilipia.
Jumamosi nitapanda, ngazi zilie zikipenda.
Nitalala kifudifudi, niitafute ile sarafu.
Nipe kiuno, Bwana Singano.
Kiuno tu.