Mjaza Mitungi

Miaka kumi na tisa nimeuza pumzi.
Nyuma ya duka la Reto, Manado,
kompresa inanguruma kama fahali mwenye homa,
nami nimesimama na mpira mkononi,
jicho kwenye mshale: hamsini, mia, mia mbili. Funga.
Wageni huja wameungua mabega, wakachukua,
wakarudi na midomo ya chumvi na habari za kasa.
Mitungi hurudi mitupu. Naijaza tena.
Kinyozi hajinyoi, nilikuwa nikisema,
na watu wakicheka nami nacheka,
kisha naendelea kutojinyoa.

Mwezi wa pili nikafungua kopo la biskuti.
Noti nikazihesabu juu ya kitanda mara tatu,
kwa kuwa mara ya kwanza zilizidi
na mara ya pili zikapungua.
Zinatosha ndege hadi Ambon,
boti ya kasi hadi Banda, malazi ya siku nne,
mbizi sita.
Saba, nikibeba wali wangu.

"Kwa nini Banda," aliuliza Meiske, mpwa wangu,
"na Bunaken ndiyo hiyo, unaiona ukianika nguo?"
Kwa sababu nilikuwa na miaka ishirini
mlima wa kule ulipotapika,
mawe yakatiririka kama uji hadi baharini,
yakapika kila kilichokuwa hai.
Siku hizo nami nilikuwa nimeungua, kwa mambo yangu.
Sitayataja; aliyenichoma amekwisha kuzikwa.
Sasa Novry, anayeongoza wageni, ananiambia
juu ya mawe yale matumbawe yameota
mapana kama meza za harusi,
hayakungoja ruhusa ya mtu.
Hayo ndiyo nitakayo. Sitafuti papa. Papa watanisamehe.

Jioni nilijifunza kwenye bwawa la hoteli,
watoto wa wageni wakishaitwa kula,
nikihisi nimezamia karamu ya watu.
Mapezi yalinivua heshima zote, nikatembea kinyumenyume kama kaa.
Lakini chini ya maji nilisikia kitu:
hewa yangu. Ilikuwa na sauti.
Miaka yote ile nikidhani ni bubu.

Fomu ya daktari ina maswali thelathini.
Pumu? Hapana.
Moyo? Nikaandika: upo.
Meiske akafuta, akacheka hadi akakaa chini.
Likizo nikaiomba kwa barua. Mapumziko, nikaandika,
na kalamu ikasimama: kumbe neno lenyewe
limebeba pumzi tumboni.

Kikabaki kitu kimoja, kikaninyima usingizi.
Ndege haibebi mtungi uliojaa.
Kule Banda hewa yangu itajazwa na mkono nisioujua.
Nikapiga simu. Nani hujaza?
"Mimi, Mama. Naitwa Rusdin."
Chujio unabadilisha lini? Mafuta je?
Moshi wa jenereta unaenda wapi upepo ukigeuka?
Alijibu yote, polepole, bila kununa,
kisha akauliza:
"Mama, umejaza miaka mingapi?"
Sikuwa nimemwambia.

Tukanyamaza, kompresa mbili zikinguruma
kila moja upande wake wa bahari.
Wa kwangu ujaze taratibu, nikamwambia, usiuache uchemke.
Akasema atautia alama ya chaki.
Akauliza uzito wangu, apate kupanga mkanda wa risasi.
Nikapunguza kilo sita.

Usiku nikaamka nimeketi.
Anayeidanganya risasi huelea juu kama kifuu,
akitazama migongo ya wenzake ikipotea.
Alfajiri nikapiga tena.